Nani Atampakia Mgonjwa?

Mada kwa viongozi wa walei, Utemini, Singida



Ndugu wapendwa, wenyeviti wa jumuiya ndogo ndogo, akina mama wa WAWATA na vijana: nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa kazi ya serikali na waganga peke yao, yaani jinsi mgonjwa wa dharura anavyofikishwa hospitali wakati wa maradhi yanayoenea. Nitajaribu kuonyesha kwamba jambo hili ni la haki, na kwamba linatuhusu sisi pia.

Tuanze na hali ya kawaida. Sisi wa Utemini tunakaa mjini. Lakini mkoa wetu ni mpana, na mtu anayeugua ghafla usiku katika kijiji cha Ikungi au Mkalama mara nyingi haanzi kwa kuita gari la wagonjwa. Ndugu zake humtafutia pikipiki ya jirani, bajaji au gari la mfanyabiashara. Hilo ndilo gari la wagonjwa la maskini. Naomba mlikumbuke, maana maradhi ya kuenea hulishambulia hilo kwanza.

1. Simu hubadilika

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia nzima. Katika nchi zenye magari mengi ya wagonjwa, simu za kuomba msaada ziliongezeka sana, nyingine kwa homa na nyingine kwa wasiwasi tu. Wakati huohuo, watu wenye maradhi mengine waliogopa kwenda hospitali. Katika wilaya nne za Lombardia, kaskazini mwa Italia, watu waliosimama moyo nje ya hospitali waliongezeka kwa asilimia 58 katika siku 40 za kwanza, wakilinganishwa na siku kama hizo za mwaka uliotangulia. Wengi wa walioongezeka walikuwa na UVIKO au dalili zake, lakini si wote. Tena kila safari ilichukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa wahudumu walipaswa kuvaa mavazi ya kujikinga na kulisafisha gari kabla ya kumchukua mgonjwa mwingine. Hivyo gari lilelile liliwafikia watu wachache kuliko zamani.

2. Gari lenyewe huogopwa

Wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 2013 na kuua watu zaidi ya 11,000, walikuwapo watu huko Sierra Leone walioliogopa gari la wagonjwa kuliko ugonjwa wenyewe. Waliona jirani akichukuliwa na watu waliofunikwa uso, na hakurudi. Basi wakaficha wagonjwa wao. Tusiwacheke. Mtu ambaye haelezwi mgonjwa wake anapelekwa wapi, wala hapewi habari zake, ana sababu ya kuogopa. Kueleza ukweli kwa heshima ni sehemu ya tiba.

3. Amri huondoa chombo cha maskini

Mwishoni mwa Machi 2020 serikali ya Uganda ilisimamisha usafiri wa umma, kisha magari ya watu binafsi. Aliyetaka kumpeleka mgonjwa hospitali alipaswa kwanza kupata kibali cha mkuu wa serikali wa wilaya. Wajawazito wakatembea kwa miguu usiku, na vifo vikaripotiwa. Mwezi Aprili Rais Museveni aliruhusu wajawazito wasafirishwe bila kibali hicho. Nchini Kenya amri ya kutotoka nje usiku ilianza tarehe 27 Machi 2020. Daktari Jemimah Kariuki, aliyekuwa akisomea ubingwa wa uzazi jijini Nairobi, aliona kwamba wazazi hawafiki tena usiku. Kwa kushirikiana na wengine alianzisha huduma ya Wheels for Life. Mama alipiga simu bila malipo, akapimwa hali yake kwa maswali, kisha akatumiwa teksi au gari la wagonjwa kadiri ya haja.

Amri zile zilikusudiwa kuokoa maisha, nasi hatuna sababu ya kuzidharau. Lakini mwenye gari na mwenye kufahamiana na wakubwa alipata njia. Mzigo wa amri ulimwangukia yule aliyetegemea bodaboda. Sheria inayowataka wote watoe sadaka sawa, ilhali hawana mali sawa, haijatimiza haki.

4. Sisi je?

Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa UVIKO tarehe 16 Machi 2020. Hatukufungiwa majumbani kama majirani zetu, lakini hiyo si hoja ya kulala. Marburg ilizuka Bukoba mwaka 2023, ikarudi Kagera, wilayani Biharamulo, Januari 2025. Hapajapita muda mrefu.

Tunalo pia jambo la kushukuru. Mpango wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa, ulizinduliwa kitaifa Aprili 2022 na kupelekwa mikoani hatua kwa hatua. Mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga akipata dharura, hupigwa namba 115 bila malipo. Gari la wagonjwa likikosekana, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Yaani gari la wagonjwa la maskini limetambuliwa na kupewa utaratibu. Lakini mzee mwenye kiharusi au kijana aliyevunjika mguu hayumo katika mpango huo. Hao nani atawapakia?

Msamaria mwema alitoa vitu viwili: mnyama wake wa kupanda, na fedha ya matunzo. Vitu hivyo viwili ndivyo vinavyokosekana usiku wa manane. Kwa hiyo napendekeza kila jumuiya iwe na orodha ya wenye vyombo walio tayari kuitwa, na mfuko mdogo wa mafuta, bila kubagua dini ya mgonjwa. Tuwatetee madereva wasitengwe na majirani kwa sababu walimbeba mgonjwa. Na katika mikutano ya mitaa tuulize mapema: amri ya kuzuia usafiri ikija, mgonjwa atapitaje? Swali hilo likiulizwa siku ya amri, limechelewa.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika mtaa wetu, ni nani asiye na mtu wa kumpakia akiugua usiku?
2. Je, kila nyumba yenye mjamzito inaijua namba 115?
3. Ni hofu gani zinazowafanya watu wetu wafiche wagonjwa, na nani anaweza kuziondoa?