Jino la Babati na koleo

Mkazi wa Babati akiumwa jino huelekea Mrara, hospitali ya mji, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara. Kijijini, zahanati ikikosa mtaalamu wa meno humpa mgonjwa dawa ya maumivu na rufaa. Nauli ajitafutie.

Kwa miaka mingi tiba kuu ya meno katika vituo vya umma nchini imekuwa kung'oa. Kuziba kunataka kiti, umeme na vifaa. Kung'oa, ganzi na koleo.

Ukanda wa Babati una mzigo wa ziada: floraidi katika maji ya Bonde la Ufa, na magadi ya kulainishia makande, huwaachia watoto meno ya kahawia. Mswaki hauyatoi madoa hayo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Wapangaji wa vitita vyake vya huduma wahakikishe kadi ya bima inalipia kuziba jino mapema.