Umbo Kwanza, Masafa Baadaye: Kukokotoa Spektra za Infraredi za Molekuli Zinazojipinda



Siku hizi kompyuta ya mezani inatosha kukokotoa spektra ya infraredi ya molekuli ndogo. Hoja yangu ni kwamba tunajichosha kusahihisha masafa ya mitetemo, huku tukisahau kuuliza molekuli yenyewe ilikuwa na umbo gani.

Chukueni glaisini, asidi amino iliyo ndogo kuliko zote. Ina atomi 10 na mitetemo ya msingi 24, lakini pia ina bondi tatu zinazoweza kuzunguka, na kila mzunguko unaweza kuzaa umbo jingine. Ikiwa katika hali ya gesi, maumbo mawili yana uzito wa pekee. Katika la kwanza, haidrojeni za kundi la amino zimeelekea oksijeni ya kabonili. Katika la pili, haidrojeni ya kundi la asidi imegeukia naitrojeni na kushikana nayo kwa bondi ya haidrojeni. Nishati zao zinatofautiana kwa kilojuli chache tu kwa moli. Hata hivyo mtetemo wa O–H, ambao katika umbo la kwanza uko karibu na cm⁻¹ 3560, katika la pili hushuka sana na mstari wake hupanuka. Asiyelikokotoa umbo la pili atauona mstari huo maabara na kudhani sampuli ina uchafu.

Mwaka 1978 Brown na wenzake nchini Australia, na Suenram na Lovas nchini Marekani, walipima glaisini kwa maikrowevu wakaona umbo la pili pekee. Hesabu za kikwanta, zikiwemo za Sellers na Schäfer mwaka huohuo, zilisema la kwanza ndilo lenye nishati ndogo zaidi. Nani mkweli? Wote. Dipoli ya umbo la pili ni kubwa zaidi, na ukali wa mistari ya maikrowevu hufuata kipeo cha pili cha dipoli. Umbo lililo jingi likafichwa na lililo na sauti kubwa. Suenram na Lovas walilipata mwaka 1980.

Njia tuliyoizoea huichukulia mitetemo kama ya springi kamilifu, kisha huzidisha masafa kwa namba maalumu: Scott na Radom, mwaka 1996, walipendekeza 0.9614 kwa B3LYP yenye seti ya 6-31G(d). Kwa molekuli ngumu inafaa. Kwa zinazojipinda, hakuna namba itakayoleta mstari wa umbo ambalo hukulitafuta. Kisha kuna mizani ya Boltzmann: kwenye joto la kawaida la chumba, kosa la kilojuli 4 kwa moli hubadilisha uwiano wa maumbo mara 5 hivi. Kosa hilo ni dogo kwa hesabu nyingi, ila kwa spektra ni balaa.

Ndani ya maji mambo hubadilika kabisa, kwa kuwa glaisini huhamisha protoni yake na kubeba chaji mbili. Hapo ni afadhali kufuatilia mwendo wa molekuli pamoja na maji yake, halafu spektra itolewe kwenye mabadiliko ya dipoli kadiri muda unavyokwenda. Gharama yake ni kubwa, nakiri.

Naomba basi kila atakayewasilisha spektra iliyokokotolewa aiambatanishe na orodha ya maumbo aliyoyatafuta, nishati zao na uzito aliolipa kila umbo.