Mgeni, Mwenyeji na Nyumba ya Wageni

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Dubai)



Nimetakiwa niseme machache juu ya malazi ya msafiri. Huenda jambo hili likaonekana dogo mbele ya masomo ya vijana na matibabu ya wazee. Hata hivyo, kila mmoja wetu akatapo tiketi, swali lake la kwanza ni hili: nitafikia wapi?

Mji huu umezoea wageni wa kwetu tangu zamani. Majahazi ya Ghuba yalishuka na kaskazi kuanzia Desemba, yakatia nanga Lamu, Mombasa, Unguja na Rufiji, kisha yakarejea na kusi kuanzia Aprili. Nahodha hakuondoka apendapo, aliungoja upepo. Kwa hiyo mfanyabiashara alikaa ugenini wiki na miezi, na mara nyingi aliyempokea alikuwa mwenzake wa biashara, ambaye msimu mwingine angepokewa yeye. Baharia wa Australia, Alan Villiers, alisafiri na jahazi la Kuwait hadi Unguja na Rufiji katika msimu wa 1938 na 1939, na kitabu alichokiandika kinasimulia safari hiyo na shehena ya boriti za mikoko iliyorudi nayo.

Atakaye kuziona boriti za namna hiyo na avuke hori kwa abra, aende mtaa wa Al Fahidi, uliojulikana zamani kwa jina la Bastakiya. Ainue macho, atazame dari za nyumba kongwe. Vyumba ni vyembamba, upana wa mita 3 hivi, kwa kuwa urefu wa boriti ya mkoko ndio uliompangia fundi kipimo, kama ilivyokuwa Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja. Baadhi ya majumba hayo sasa ni nyumba za wageni. Nimepata kulala katika mojawapo, na nilipoamka alfajiri nikaiona dari ile, nilijiona nimo katika nyumba ya bibi yangu.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, desturi ya kupokeana iligeuka kuwa dharura. Waliofika hapa walikuta mji mdogo. Sensa ya 1968 ilihesabu watu wapatao 59,000 katika Dubai nzima. Sebule za jamaa zilijaa magodoro, na wapo humu ukumbini waliolelewa juu ya magodoro hayo. Kisha Tanzania, mwaka 1984, iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, wakaja jamaa wa aina nyingine, wenye kununua vitambaa, redio na vipuri. Nyumba zetu zikawa gesti zisizo na ubao mlangoni.

Sasa niseme lililonisimamisha. Leo wengi wetu hapa tunaishi katika fleti za vyumba viwili, na kodi hulipwa kwa hundi nzito. Mzigo wa mgeni huwaangukia wanawake. Yupo mama wa ukoo huu aliyepokea wageni tisa katika Desemba moja, akalala jikoni majuma mawili, na kila siku saa 12 asubuhi akatoka kwenda kazini. Hakulalamika. Kutolalamika kwake kusitudanganye kwamba hakuchoka.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Dini nayo imeweka haki ya mgeni kuwa siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka. Deira hakuna shamba. Jembe la hapa ni kuosha vyombo na kununua mchele.

Upande wa pili wapo vijana wetu wanaofikia hoteli kubwa, wakakaa siku tano, wakaondoka. Bibi zao wakasikia habari zao kwa majirani. Hilo nalo ni jeraha, na halitibiwi kwa zawadi ya manukato.

Kati ya njia hizo mbili ipo nyumba ya wageni inayoendeshwa na familia. Unguja tunazo nyingi: mwenye nyumba anakuuliza umezaliwa na nani, na kabla hujamaliza chai mmeshajuana. Hapa Dubai, Amri Namba 41 ya 2013 inamtaka anayekodisha nyumba yake kwa wageni wa siku chache awe na kibali cha idara ya utalii. Kwa hiyo asiwepo miongoni mwetu atakayegeuza chumba chake kuwa biashara ya siri. Faini itamwangukia mwenyeji, na fedheha itatuangukia sote. Mkumbuke pia kwamba tangu 2014 hoteli hutoza ada ya utalii ya dirhamu 7 hadi 20 kwa chumba kwa usiku, kulingana na daraja. Ulizeni bei kamili kabla ya kushusha mizigo.

Naomba mkutano huu uyapime mapendekezo matatu. Kwanza, mgeni wa ukoo apokewe nyumbani usiku tatu, kisha ahamie nyumba ya wageni, isipokuwa mgonjwa, mfiwa au mwanafunzi. Pili, mgeni atoe mchango wa chakula kwa mweka hazina wa jumuiya, naye aufikishe kwa mwenyeji. Kwani tukimpa mkononi ataukataa, na sisi tutafurahi kuwa amekataa. Tatu, anayefikia hotelini au gesti aende kumwamkia mzee wetu wa mji huo kabla ya siku ya pili kuisha.

Hatuutupi ukarimu tuliorithi. Tunataka mama zetu wapate kuufungua mlango kwa moyo ule ule miaka ishirini ijayo, na vijana wetu wajue mlango huo uko wapi.