Mchango Utoke Kwenye Bajeti, Usitoke Kwenye Mkopo
(Maneno yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wana-Same waishio Dar es Salaam, kabla ya harambee)



Tumepewa dakika chache kabla ya harambee tuzungumze juu ya madeni na fedha za nyumba zetu. Huenda wapo wanaojiuliza kwa nini watu walioitwa kuchanga waanze kwa kuambiwa habari za kubana matumizi. Sisi tulio kwenye kazi ya hesabu tunaona hapa ndipo mahali pake. Bweni la wasichana tunalotaka kulimalizia halijengwi kwa ahadi. Fundi hanunui nondo kwa ahadi, na mwenye duka la bati hapokei orodha ya majina.

Kila mwaka Mweka Hazina husoma ahadi ambazo hazijalipwa. Wenye majina hayo si wachoyo. Ni watu waliosimama hapa wakaahidi kwa moyo mweupe, mwezi ukaisha wakakuta mshahara umeshakatwa na ada ya mtoto bado haijalipwa. Wengine wamelipa ahadi zao, lakini kwa kukopa. Hawa ndio wanaotutia wasiwasi zaidi, maana kwenye vitabu vya chama fedha yao inaonekana ni mchango, na nyumbani kwao ni shimo. Kwa hiyo neno letu leo ni moja: mchango wa nyumbani utoke kwenye bajeti, usitoke kwenye mkopo.

Tuanze kwa kuyaandika

Nyumba nyingi haziwezi kusema zinadaiwa kiasi gani. Baba anajua mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara. Mama anajua rejesho la kikundi la kila Jumanne. Hakuna anayejumlisha mkopo wa simu, daftari la duka la Mangi, makato ya Bodi ya Mikopo ambayo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na kadi za michango ya harusi zilizopangwa juu ya kabati.

Mtumishi wa umma anaijua kanuni ya kubakiwa na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini inalinda kile tu kinachoonekana kwenye hati ya mshahara. Mkopo wa simu hauonekani pale. Kausha damu haionekani pale. Mtu anabakiwa na theluthi yake kwenye karatasi, na theluthi hiyo hiyo inasubiriwa na watu watatu mlangoni.

Hatua ya kwanza basi ni daftari. Mume na mke wakae pamoja, waandike kila deni kwa mambo manne: anayedai ni nani, kiasi kilichobaki, riba ya kila mwezi, na tarehe ya kulipa. Madeni ya siri yaandikwe pia. Tunajua si jambo jepesi. Wako akina mama wanaokwepa kupokea simu mbele ya waume zao, na wako akina baba waliodhamini mikopo ya marafiki bila nyumba kujua. Lakini deni lililofichwa haliwezi kupangiwa bajeti, na siku linapojulikana mara nyingi limekwisha kuzaa mara mbili.

Deni dogo ndilo linalokula zaidi

Watu wengi huanza kulipa deni kubwa kwa sababu ndilo linalotisha. Tuchukue mfano. Familia inadaiwa shilingi 2,000,000 na SACCOS kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, na shilingi 400,000 za kausha damu kwa asilimia 20 kwa mwezi. Riba ya SACCOS kwa mwezi huo ni shilingi 20,000. Riba ya kausha damu ni shilingi 80,000. Deni lililo dogo mara tano linakula mara nne zaidi.

Familia ikilipa hizo 80,000 kila mwezi ili tu isisumbuliwe, baada ya miezi mitano itakuwa imetoa shilingi 400,000 na bado inadaiwa 400,000 zile zile. Lakini kama SACCOS itaendelea kupata rejesho lake la kawaida, na nyumba ikajibana mpaka ikapata 150,000 kwa mwezi kwa ajili ya kausha damu peke yake, mwezi wa kwanza 80,000 zitakwenda kwenye riba na 70,000 zitapunguza deni. Mwezi wa pili riba itakuwa 66,000, na 84,000 zitapunguza deni. Ikishika mwendo huo huo, mwezi wa tano itamaliza kwa malipo yasiyofika 30,000.

Ipo njia fupi zaidi kwa mwanachama wa SACCOS ambaye bado ana nafasi ya kukopa. Achukue 400,000 za asilimia 1, amalize kausha damu siku hiyo hiyo, kisha arudishe 150,000 kwa mwezi. Mwezi wa tatu atakuwa amemaliza. Sharti ni moja, na bila hilo njia hii ni hatari: akishafunga mlango wa kausha damu asiufungue tena. Vinginevyo atakuwa ameongeza deni badala ya kulihamisha.

Kabla ya kuweka sahihi

Tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Chini ya sheria hiyo wakopeshaji wadogo wasiopokea amana, wakiwemo watu binafsi, wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na kikomo cha riba walichowekewa ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayetaka asilimia 20 au 30 kwa mwezi hayumo ndani ya utaratibu huo, hata kama ofisi yake ina kiyoyozi. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu za simu zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Kuuliza leseni si kumtukana mtu.

Swali la pili ni namna riba inavyopigwa. Mkopo wa shilingi 3,000,000 kwa miezi 12 kwa asilimia 2 kwa mwezi una sura mbili. Riba ikipigwa kila mwezi juu ya mkopo wote wa mwanzo, utalipa riba ya shilingi 720,000. Ikipigwa juu ya salio linalopungua, huku ukirudisha 250,000 za mkopo kila mwezi, utalipa 390,000. Asilimia ni ile ile, tofauti ni 330,000. Kwa hiyo tusiishie kuuliza riba ni asilimia ngapi. Tuulize jumla nitakayorudisha ni shilingi ngapi, na tuombe ratiba ya marejesho kwa maandishi. Na mtu asiache kadi yake ya benki na namba ya siri mikononi mwa mkopeshaji. Aliyefanya hivyo amemkabidhi mtu mwingine mshahara wake.

Ndiva ya nyumba

Sasa, kwa nini tunakopa? Tukiangalia vizuri, mengi yanayotukopesha si ya ghafla. Januari inakuja kila mwaka. Serikali imeondoa ada katika shule zake, kidato cha kwanza mpaka cha nne tangu 2016 na cha tano na sita tangu 2022, lakini sare, madaftari, nauli na mahitaji ya bweni vipo pale pale. Mwenye nyumba wa Dar anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Desemba tunapanda mabasi kwenda Same, Mwembe, Gonja, Ndungu, Mamba, na hakuna anayependa kufika kwa wazazi mikono mitupu. Misiba hatujui siku yake, lakini tunajua mwaka hauishi bila misiba.

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa upande wa maji. Kijito kikiwa chembamba, ukiyaacha maji yaende shambani yalivyo, yanaishia njiani. Walijenga ndiva. Usiku inafungwa, maji yanajikusanya taratibu, asubuhi inafunguliwa kwa zamu na maji yanafika mpaka shamba la mbali. Kijito ni kile kile, hakikuongezeka hata kidogo.

Mshahara na faida ya biashara ndogo ni kijito chembamba. Tuijengee ndiva. Mfano wa familia ya kipato cha kati hapa mjini: kodi ya nyumba kwa mwaka shilingi 1,800,000, mahitaji ya shule 600,000, safari ya Desemba 480,000, misiba na harusi 360,000, mchango wa chama 120,000. Jumla ni 3,360,000. Gawanya kwa miezi 12, unapata 280,000 kwa mwezi. Fedha hiyo itengwe siku ya mshahara, kabla ya sokoni na kabla ya luku, iwekwe mahali ambapo haitolewi kwa kubonyeza simu mara mbili. Mwenye kipato kidogo zaidi apunguze viwango, lakini asipunguze idadi ya mistari. Mwenye genge au bodaboda atenge kila siku au kila wiki, kwa kadiri fedha inavyoingia.

Tazameni mchango wa chama katika hesabu hiyo: 120,000 kwa mwaka ni 10,000 kwa mwezi. Aliyeuweka kwenye mstari wake haoni shida. Asiyeuweka, hata 50,000 ya usiku mmoja itamtafuta mpaka Pasaka.

Ndiva ina ulinzi pia. Tukubaliane nyumbani kiwango cha mchango wa harusi na sendofu, na kikishafika kikomo cha mwaka tuseme hapana kwa heshima. Kukopa arusi, kulipa matanga, walisema waliotutangulia.

Mashamba ya wazazi

Hili tunaomba lisikike vizuri, hasa kwa vijana wetu wa mjini na kwa wazee waliopo. Hatimiliki za kimila zilizotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 zimewapa wazazi wetu karatasi mkononi. Karatasi hiyo ni ulinzi, na sasa inaanza kuombwa iwe dhamana ya mikopo ya watoto walio mijini. Mzee hakatai, kwa sababu anayeomba ni mwanawe.

Wazee wetu, mnayo haki ya kuuliza kabla hamjatoa karatasi. Biashara hiyo inaingiza kiasi gani kwa mwezi? Rejesho ni kiasi gani? Ikishindikana, ndugu wengine wanaolima shamba hilo watakwenda wapi? Waiteni watoto wote, pamoja na mabinti walioolewa, lijadiliwe mbele yao. Vilevile sheria hairuhusu nyumba ya ndoa iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi. Mama akiletewa karatasi aweke sahihi, asomewe kwanza kwa lugha anayoielewa. Shamba la tangawizi kule mlimani au jaruba la mpunga Ndungu huliuza mara moja tu.

Udhamini nao ni deni. Ukimdhamini mtu shilingi 5,000,000, andika 5,000,000 kwenye daftari lako, maana akikimbia utafuatwa wewe. Kama huwezi kuzilipa, usimdhamini. Mpe kidogo ulicho nacho, naye ataelewa.

Ahadi ya leo

Ndugu zetu, baada ya dakika chache kipaza sauti kitapita. Atasimama mmoja aseme milioni, watu watapiga makofi, na wa pili ataona aibu kusema elfu thelathini. Tunaomba leo tusiwe hivyo. Kule nyumbani kwenye msaragambo kila mtu huja na jembe lake. Mwenye nguvu huchimba zaidi, bibi mwenye umri mkubwa huleta maji ya kunywa, na mfereji unakamilika. Hatukusikia mtu akienda kwa mkopeshaji kukodi jembe ili aonekane.

Kwa hiyo fomu ya mwaka huu, iliyopo katikati ya kijitabu hiki, ina sehemu mbili. Juu utaandika kiasi unachotoa leo taslimu. Chini utaandika kiasi cha kila mwezi na idadi ya miezi. Hakuna nafasi ya ahadi isiyo na tarehe. Mwenye 5,000 kwa mwezi aandike 5,000, na Mweka Hazina atampa stakabadhi kama ya mwenye 500,000. Aliye kwenye kausha damu sasa hivi tunamwomba, kwa upendo, asiandike kitu mwaka huu mpaka amalize deni lake. Akimaliza atatukuta hapa, na hatutamuuliza alikuwa wapi.

Huenda jumla itakayosomwa leo ikawa ndogo kuliko ya mwaka jana. Tuko tayari kwa hilo. Jumla ndogo inayofika yote ndiyo fundi anayoweza kuipangia kazi, na ndiyo itakayoezeka bweni kabla ya mvua za masika. Wasichana wanaotembea kwa miguu alfajiri kwenda shule hawalali kwenye ahadi.