Mbwa Mzee na Haki Yake Mlangoni

Hotuba juu ya namna za mbwa, uzee wao, na wajibu wa wenye kuwafuga



Aendaye sokoni mara nyingi humkuta mbwa asiye na mwenyewe. Mbavu zake zahesabika, sikio limeraruka, naye hushinda kando ya duka la mchinjaji akingojea mifupa. Watoto humtupia mawe, na watu wazima husema, "Huyo ni mbwa koko, mwacheni." Lakini si kila mbwa wa namna hiyo aliyezaliwa njiani. Baadhi yao walikuwa na majina, wakiitwa huja. Walilinda mbuzi wa mtu, wakamwamsha mtu usiku wa hatari. Siku meno yao yalipong'oka na miguu yao ilipolegea, lango lilifungwa nyuma yao.

Jambo la hotuba hii ni hilo. Mtu achukuaye mtoto wa mbwa amechukua maisha yake yote, wala si miaka ya nguvu peke yake. Naye avunjaye ahadi hiyo humdhuru mbwa, kisha huwadhuru jirani zake pia.

KILA NAMNA NA KAZI YAKE

Watu hupenda mbwa wa namna mbalimbali, na kila namna ilipata umbo lake kwa ajili ya kazi. Yule ambaye wengi humwita Alsatian alikuwa mbwa wa kuchunga kondoo katika Ujerumani. Mwaka 1899 afisa mmoja wa jeshi la wapanda farasi, Max von Stephanitz, alianzisha chama cha kuihifadhi namna hiyo. Vita Kuu ya kwanza ilipoleta chuki juu ya kila kitu cha Kijerumani, Waingereza walimbadili jina. Mbwa hao walikuwa wa kwanza kufundishwa katika shule ya kuongoza askari waliopofuka vitani, huko Oldenburg mwaka 1916. Katika Kenya, kikosi cha mbwa wa polisi kilianzishwa mwaka 1948, na Alsatian amejulikana sana katika kazi hiyo ya kufuata nyayo za wezi.

Ridgeback, mwenye mstari wa nywele zilizogeukia mbele mgongoni, ni mtoto wa Afrika. Mstari huo aliurithi kwa mbwa wa Wakhoikhoi, wenyeji wa kusini mwa bara hili, waliochanganyika na mbwa wa Kizungu. Sifa zake ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Kazi yake ilikuwa kumzuia simba asiondoke mpaka mwindaji afike.

Basenji naye atoka katika misitu ya Kongo, na jina lake ni ndugu wa neno la Kiswahili "washenzi," yaani watu wa bara. Hana desturi ya kubweka kama mbwa wengine, bali hutoa sauti kama ya mtu aimbaye kooni. Kwa hiyo wawindaji walimfunga njuga ya mti shingoni, wapate kujua alipo ndani ya kichaka. Mwaka 1937 mbwa hao walionyeshwa London, na watu wakastaajabu.

Waarabu wana Saluki, mwenye kiuno chembamba na miguu mirefu, afukuzaye paa na sungura jangwani. Kwa heshima aliyo nayo hulala hata hemani pamoja na watu.

Tena yuko mbwa wetu wa kienyeji, mwenye nywele fupi na rangi ya udongo. Hana cheti wala kikombe cha maonyesho, lakini hula kidogo, hustahimili jua, na hutambua mgeni kabla hajafika penye ua. Wamasai na Waturkana waliolala salama kwa sababu mbwa alimwona fisi kwanza hawahitaji kuambiwa thamani yake.

UZEE WA MBWA

Watu husema mwaka mmoja wa mbwa ni sawa na miaka saba ya mtu. Hesabu hiyo si kweli hasa, kwa maana mbwa hukua upesi sana katika mwaka wa kwanza, tena umri hutegemea ukubwa wa mwili. Mbwa wadogo aghalabu hufikia miaka 12 hata 15, na wale wakubwa mno mara nyingi huzeeka wakiwa na miaka 7 au 8. Mbwa mmoja wa ng'ombe katika Australia, jina lake Bluey, alizaliwa mwaka 1910 akafa mwaka 1939, lakini huyo ni wa ajabu. Mbwa wengi wa mashambani hufa mapema kwa maradhi, minyoo na magari. Basi aliyefikia mvi amekwisha kufanya kazi nyingi.

Uzee wenyewe huja polepole. Kwanza nywele za mdomoni hugeuka nyeupe. Macho huwa na rangi ya moshi wa samawati, na mara nyingi mbwa huyo bado aona. Lakini weupe kama maziwa ni mtoto wa jicho, nao waweza kumpofusha. Asubuhi huinuka kwa shida, kwa kuwa viungo vimekauka. Masikio huziba. Mwenyewe humwita asije, akadhani amekuwa mkaidi, akampiga, kumbe hakusikia. Wengine huzunguka-zunguka usiku na kulia, kwa sababu akili imechoka, kama iwapatavyo wazee wa watu.

Mbwa kiziwi akiguswa ghafula usingizini aweza kuuma kwa kushtuka. Yafaa watoto wafundishwe kumjia kwa mbele, au kupiga mguu chini ili asikie mtikisiko wa ardhi.

MATUNZO YASIYO NA GHARAMA KUBWA

Mbwa mzee hahitaji mengi. Apate mahali pakavu pa kulala, penye gunia lililojazwa nyasi, mbali na upepo wa usiku. Chakula chake kigawanywe mara mbili kwa siku, na ugali ulowekwe kwa mchuzi usio na chumvi nyingi, maana meno yake ni mabovu. Asipewe mifupa iliyopikwa, kwa kuwa huvunjika kama vibanzi na kuchoma matumbo. Asinenepeshwe, kwa maana kila ratili ya mafuta ni mzigo juu ya viungo vibovu. Kucha zake zikatwe, kwani hatembei tena kiasi cha kuzipunguza, na kupe watolewe kila siku.

Akianza kunywa maji mengi mno na kukojoa mno, au akikonda huku anakula, aonyeshwe kwa daktari wa mifugo, kwa maana huenda figo zimeharibika au ana ugonjwa wa sukari. Wala asipewe dawa za maumivu za watu. Kidonge cha ibuprofen kimtulizacho mtu chaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake.

Tena asinyang'anywe kazi yote. Kama hawezi kufuata ng'ombe malishoni, na alale penye lango. Jungu kuu halikosi ukoko: mbwa kijana ajifunza kwa mzee ni nani wa kubwekewa na ni nani wa kupishwa. Basi mtu mwenye busara huchukua mtoto wa mbwa kabla mzee hajafa.

HATARI YA KUMFUKUZA

Wako wasemao, "Chakula ni haba, mbwa asiye na kazi na aende zake." Neno la uhaba ni la kweli katika nyumba nyingi, lakini faida ya kumfukuza ni ya uongo. Mbwa aliyefukuzwa hupigana jalalani na mbwa wasiojulikana, na kutoka huko huweza kurudi na kichaa cha mbwa. Katika Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi, na tangu hapo umeua watu wengi, hasa watoto. Katika kila watu 100 wafao kwa ugonjwa huo duniani, karibu 99 waliupata kwa mbwa.

Mwaka 2014 Kenya iliweka mpango wa kuukomesha ifikapo mwaka 2030. Silaha ya mpango huo ni chanjo: mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kwa hiyo mbwa mzee naye apelekwe kuchanjwa pamoja na vijana. Mtu asemaye, "Huyu amekaribia kufa, chanjo ya nini?" ameacha tundu katika ua wa kijiji kizima.

Yapasa pia kutofautisha uzee na kichaa. Uzee hubadili mbwa kwa miezi, kichaa humbadili kwa siku chache. Mbwa mpole akiuma ovyo, sauti ikageuka, taya likalegea na mate yakachuruzika, mtu asimfungue kinywa kutazama kama amekwamwa na mfupa. Afungiwe, na daktari wa mifugo aitwe. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Chanjo ikiwahi huokoa; dalili zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna aponaye.

DENI LA MWENYEWE

Mwandishi Plutarch wa Uyunani wa kale alisimulia habari za mwaka 480 kabla ya Kristo. Watu wa Athens walipokimbia adui kwa merikebu, mbwa wa Xanthippus hakukubali kuachwa. Aliogelea kando ya merikebu ya bwana wake mpaka kisiwa cha Salamis, akafika, akafa kwa uchovu. Mahali pale pakaitwa Kaburi la Mbwa. Plutarch huyo alifundisha kwamba wema wa mtu hupimwa kwa jinsi amtunzavyo mnyama aliyezeeka katika utumishi wake.

Waislamu wengi wa pwani hawaingizi mbwa nyumbani kwa ajili ya tohara, na desturi hiyo ina heshima yake. Lakini sheria yao yaruhusu mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Nao husoma katika Sura ya Pango habari za mbwa aliyenyosha miguu yake kizingitini, akiwa pamoja na vijana waliolala humo, na katika hadithi za Mtume habari za mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Kumtunza mbwa si lazima kumlaza kitandani. Kizingiti chatosha.

Siku yaweza kufika ambapo mbwa hasimami, hali, na maumivu hayatulizwi. Hapo si huruma kumwacha ateseke siku nyingi, wala si haki kumpiga kwa rungu au kumtupa msituni. Daktari wa mifugo anayo sindano ya kumlaza pasipo uchungu, na inafaa mwenyewe awepo, ili mkono wa mwisho kumgusa uwe ule aliouzoea.

Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Asante ya mbwa ni kukesha. Aliyekeshewa miaka kumi asione ni vigumu kuweka bakuli la uji laini na gunia kavu kando ya mlango, mpaka siku za mlinzi wake ziishe.