Jigabaiti 64 na mlango wa megabaiti 256



Niliitwa kwenye ofisi moja Lubumbashi. Seva yao ya barua pepe ilikuwa imeongezewa kumbukumbu kutoka jigabaiti 8 hadi 64, na bado sanduku la mhasibu lilikataa kufunguka. Wenzake walisoma barua zao bila shida. Yeye, mwenye barua za miaka kumi, aliona kiduara kikizunguka tu. Kwenye kumbukumbu za matukio nikakuta mstari mmoja: nafasi ya kumbukumbu imekwisha. Imekwishaje, na jigabaiti 50 zimekaa bure?

Tatizo lilikuwa Dovecot, programu inayomfungulia msomaji sanduku lake. Katika toleo la 2.3 kila prosesi huwekewa kikomo cha megabaiti 256, usipoibadilisha default_vsz_limit. Faharasa ya mhasibu ilikuwa imekua hadi kugonga ukuta huo. Tukapandisha kikomo hadi jigabaiti 1 kwa huduma ya kusoma barua, IMAP, peke yake, likafunguka. Pesa za kumbukumbu zilikuwa zimeshatoka.

Waliotutangulia walikuwa na ukuta wao. Anwani za biti 32 ni 4,294,967,296, basi, kila moja ya baiti moja, yaani jigabaiti 4; ni kama mtaa ambao namba za nyumba zina tarakimu mbili: ukijenga nyumba ya 100, tarishi hana namba ya kuitafutia. Exchange 2003, seva ya barua ya Microsoft, haikufaidika na kilichozidi jigabaiti 4. Biti 64 zilikuja na Exchange 2007. Kwa Exchange 2019 ilipendekezwa zisizidi jigabaiti 256, na sijui nani kati yetu atafika huko.

Mlaji halisi wa kumbukumbu ni mpekuzi wa virusi. ClamAV hubeba orodha yake nzima kwenye kumbukumbu, zaidi ya jigabaiti 1, na inapopakia orodha mpya huku ya zamani ikiendelea kutumika, hubeba zote mbili. Seva ya jigabaiti 2 huangukia hapo.

Sasa umeme. Anayeendesha seva kwa jenereta hapa kando ya Ziwa Mweru aiogope kidogo kumbukumbu kubwa. Linux haipeleki kila kitu diskini papo hapo: kwa kawaida huruhusu hadi asilimia 20 ya kumbukumbu inayopatikana ibaki na data isiyoandikwa. Kati ya jigabaiti 50, hiyo ni 10. Diski inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde itahitaji sekunde 100 kuimaliza. Barua zenyewe Postfix, programu inayozipokea, huzihakikisha diskini kabla ya kumjibu mtumaji kwamba zimepokelewa. Kitakachoharibika ni nakala ya akiba uliyokuwa katikati ya kuitoa.

Mimi hukiweka kikomo hicho cha data isiyoandikwa, kwa vm.dirty_bytes, kiwe megabaiti 200, zimalizike kwa sekunde mbili hivi. Kisha, kabla ya kukabidhi kazi, nachomoa waya ukutani wenye ofisi wakiwa wamesimama pale, na tunahesabu pamoja onduleri (UPS) itashika hadi lini.