Ukishajitolea, Kisha Nini?

Mwaka 1963 binti wa Kimarekani aliyekuwa ametoka chuo, Carol Bellamy, alikwenda Guatemala kujitolea kupitia Peace Corps, shirika ambalo Rais John Kennedy alikuwa amelianzisha miaka 2 tu kabla. Alikaa huko hadi 1965. Aliporudi kwao akasomea sheria, akaingia Seneti ya Jimbo la New York, akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa Baraza la Jiji la New York. Mwaka 1993 aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa Peace Corps, wa kwanza kukalia kiti hicho akiwa amewahi kujitolea katika shirika hilohilo. Miaka 2 baadaye akakabidhiwa UNICEF, akaiongoza kwa miaka 10.

Njia hiyo aliitembea mwenyewe, na kura za watu wa New York hazitolewi na shirika lolote. Lakini msikilizaji ajue jambo moja. Aprili 1963, mwaka uleule Bellamy alipokwenda Guatemala, Kennedy alisaini amri inayomruhusu aliyemaliza muda wake Peace Corps kuajiriwa katika serikali ya shirikisho bila kupitia ushindani wa kawaida, mradi ana sifa za kazi yenyewe. Utaratibu huo upo mpaka leo. Maana yake ni kwamba serikali ya Marekani iliamua mapema kuwa miaka 2 ya kuishi kijijini, kujifunza lugha ya watu na kuendesha mradi usio na bajeti ya maana, ni maandalizi ya uongozi, na ikaliandika hilo katika taratibu za ajira.

Tanganyika iliwapokea vijana hao mapema. Miongoni mwa vikundi vya kwanza kabisa vya Peace Corps kilikuwamo cha wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia walioandaliwa El Paso, Texas, wakafika nchini mwaka 1961, kabla bendera ya Uhuru haijapandishwa Desemba. Kazi yao ilikuwa kusaidia barabara, zikiwamo zile za kumwezesha mkulima kufikisha mazao sokoni. Sasa, mpima barabara hafanyi kazi peke yake. Yuko anayefyeka mstari porini, yuko anayeshika fimbo ya vipimo, yuko mzee anayeonyesha mto unapofurika masika. Kumbukumbu za kujitolea zimeandikwa zaidi kutoka upande wa aliyeshika darubini, na wasifu wake ndio uliokua.

Mambo yamebadilika kwa kiasi. VSO ya Uingereza, iliyoanzishwa na Alec na Mora Dickson mwaka 1958 kwa kupeleka ng'ambo vijana waliotoka sekondari, baadaye ilianza kutafuta wataalamu hata nje ya Ulaya. Tawi lake la Nairobi liliitwa VSO Jitolee, na kazi yake ilikuwa kuwachukua watu wa Afrika Mashariki wenye fani zao na kuwapeleka nchi nyingine. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa Watu wa Kujitolea, ulioanzishwa kwa azimio la Baraza Kuu mwaka 1970 na ambao makao yake sasa yako Bonn, Ujerumani, leo una watu wengi zaidi kutoka nchi za Kusini kuliko kutoka nchi tajiri, na wengi wanafanya kazi ndani ya nchi zao wenyewe. Wanalipwa posho ya kujikimu, wana mkataba, wana bima. Mtu akitoka hapo anatoka na barua inayosomeka popote.

Ila mlango wa kuingilia una masharti yake. Nafasi za utaalamu katika mpango huo wa Umoja wa Mataifa zinadai shahada au ujuzi unaotambulika na uzoefu wa miaka 3. Ni sharti la haki kabisa. Swali ni nani hapa kwetu anahesabiwa kuwa na uzoefu.

Mtazame mhudumu wa afya ya jamii. Anaingia uani, anasalimia, anaomba aletewe mtoto. Anautafuta mkono wa kushoto, anapima katikati ya bega na kiwiko, kisha anauzungushia utepe wenye rangi 3, bila kuukaza wala kuulegeza. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, ikisoma kijani, mama anapewa ushauri na kuagwa. Ikisoma njano, tarehe ya kurudi inaandikwa. Ikisoma nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali na mtoto hatakiwi kusubiri hadi kesho. Hapo mhudumu anaanza kazi ngumu kuliko kupima. Inabidi amshawishi mama mwenye mifugo, shamba na watoto wengine 4 aende zahanati leo. Amtafute wa kumsindikiza. Azungumze na baba mkwe bila kumvunjia heshima. Na kesho apite tena kuhakikisha. Kupanga, kushawishi, kufuatilia, kutoa taarifa: katika tangazo la kazi la shirika lolote la maendeleo, hayo ndiyo yanayoitwa sifa za meneja wa mradi.

Kwa miaka mingi mtu huyu alilipwa ahsante na fulana ya kampeni. Kenya ilichukua hatua Septemba 2023, ilipozindua wahudumu wa jamii 100,000 wenye mikoba ya vifaa na simu za kuandikia taarifa, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayochangiwa nusu kwa nusu na serikali kuu na kaunti. Tanzania nayo, Januari 2024, ilizindua mpango wa kufikisha wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka 5. Hizi ni hatua za kupongezwa kwa dhati. Hata hivyo posho inamsaidia mtu kuishi mwezi huu, haimwambii atakuwa nani baada ya miaka 6.

Ethiopia ililijibu swali hilo vizuri zaidi. Kuanzia 2003 iliajiri wasichana waliomaliza darasa la 10, ikawafundisha mwaka mmoja, ikawarudisha katika jamii zao kwa mshahara wa serikali. Walizidi 30,000. Baadaye ikawafungulia njia ya kurudi darasani na kupanda kutoka cheti hadi stashahada, huku wakibaki katika kazi waliyoizoea. Msichana wa kijijini akajua kuna daraja linalofuata, na jina la daraja hilo analijua.

Wapo pia waliojifungulia njia wenyewe. Kennedy Odede alianza shirika la SHOFCO katika mtaa wa Kibera, Nairobi, mwaka 2004 akiwa kijana mwenye mpira wa miguu na marafiki wa mtaani. Shirika hilo lilikuja kuweka mabomba ya maji juu ya nguzo, yakipita hewani juu ya mapaa, kwa sababu bomba la chini Kibera hukatwa na kuingiwa na maji machafu. Mwaka 2018 likashinda Tuzo ya Kibinadamu ya Conrad N. Hilton. Wazo la bomba la hewani linamjia aliyeishi na bomba la chini, na hapo ndipo ilipo hoja yote ya kuwapa wenyeji usukani. Lakini Odede mmoja hatoshi, wala si haki kumtaka kila kijana wa Kibera awe wa ajabu ndipo atambuliwe.

Umoja wa Mataifa umeutangaza 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu wa Kujitolea kwa Maendeleo Endelevu. Hotuba zitakuwa nyingi. Kwa mwalimu kijana anayefundisha hisabati mwaka wa tatu katika shule ya kata, akilipwa kwa michango ya wazazi, na kwa mhudumu mwenye utepe wake, kuna mambo yanayoweza kufanyika bila hotuba: halmashauri itunze daftari la wanaojitolea na kazi walizofanya, iwape barua yenye mhuri, na tume za ajira ziihesabu miaka hiyo kuwa uzoefu wa kazi. Mashirika ya kimataifa yanayowatumia watu hawa kukusanya takwimu zao yaanze na nafasi zao wenyewe za uratibu wa wilaya, yawaalike kwenye usaili kabla ya kutangaza Nairobi, Dar es Salaam au London.